Mkwe Haombwi Punguzo

Pale kituo cha bodaboda cha Somanda, Machibya ndiye dereva pekee ambaye abiria wake walifika wakihema. Betri ya pikipiki ilikuwa imekufa, kiki ilishavunjika kitambo, kwa hiyo ukitaka kupanda kwa Machibya unasukuma kwanza. Hata mama mmoja aliyetoka kumwona mgonjwa alisukuma, kitenge amekikaza kiunoni, madereva wengine wanamshangilia, "Kaza, mama! Inakaribia kuwaka hiyo!"

Machibya mwenyewe haikumsumbua sana. Ni mpole yule, mtu wa kutazama viatu vyake. Aliyekosa usingizi ni dada yake Specioza, aliyemaliza chuo mwaka jana, na ambaye mdomoni mwake habari haijawahi kulala.

"Machi, Jumamosi tunakwenda Lagangabilili kwa akina mchumba wako Jenifer kupanga ng'ombe wa mahari. Tukimaliza tunaaga, unapanda pikipiki. Halafu?"

"Halafu tunaondoka."

"Nani anasukuma?"

Machibya akafikiri. Akamwona kichwani mwake mama mkwe, mtu ambaye hata mkono hatakiwi kumpa, ameinama nyuma ya pikipiki anamsukuma mkwewe. Akashika kichwa.

"Tukanunue betri," akasema.

Walikwenda Bariadi sokoni kwa mzee Bujiku, muuza spea. Njiani Specioza alimwonya kaka yake: "Naongea mimi. Wewe kazi yako kubeba."

"Mwangaluka," Bujiku akawasalimu. "Betri? Elfu sitini."

Specioza alicheka mpaka akashika kaunta. "Sitini? Mzee wangu, inakuja na pikipiki yake?"

"Hiyo orijino, binti."

"Orijino gani ina vumbi la pamba ya mwaka juzi?"

Bujiku akaona huku hakuna njia, akamgeukia Machibya. "Na wewe kijana, pikipiki inakwenda wapi?"

Basi Machibya, kwa furaha, akasahau kwamba kazi yake ni kubeba. "Lagangabilili, kwa mzee Mayige. Naoa."

"Mayige yupi? Mwenye jicho moja dogo, anafuga ng'ombe weupe?"

"Huyo huyo!"

"Haa! Mayige ni kaka yangu, tumbo moja! Jenifer ni mwanangu! Kumbe wewe ni mkwe wangu!"

Machibya akavua kofia. Akarudi nyuma mpaka mlangoni, akageukia ukutani, akawa anaongea na matairi yaliyotundikwa pale. "Shikamoo, baba."

"Marahaba. Tulikuwa tunasema sitini."

"Sitini ni sawa kabisa, baba."

"Machi!"

"Spe, mkwe haombwi punguzo."

Bujiku akatabasamu kama paka aliyeachiwa jiko. Specioza akamfinya kaka yake, na palepale akakumbuka kitu. Chuoni alilala chumba kimoja na Jenifer, na Jenifer alikuwa na stori za baba mdogo mmoja asiyeshikika kwenye michango. Harusi ya dada yao, baba mdogo yuko machimboni Kahama. Kipaimara, Kahama. Kuezeka nyumba ya bibi, Kahama. Kumbe Kahama yenyewe ndiyo hii hapa, nyuma ya kaunta!

"Jamani, baba mdogo!" Specioza akapiga kigelegele, simu tayari mkononi. "Miaka yote wanakutafuta! Ngoja nimpigie Jenifer. Jumamosi uje na mbuzi wako, na mchele, na mchango wa bibi wanasema..."

Bujiku aliruka kaunta badala ya kuizunguka. "Weka simu chini, binti. Akina Mayige wako wengi."

"Wenye jicho moja dogo?"

"Macho madogo yako mengi."

"Kwa hiyo wewe siyo mkwe?"

"Mimi nauza spea tu!"

"Basi, muuza spea, chukua thelathini na tano, na uifunge mwenyewe."

Bujiku akautazama mdomo wa Specioza kama mtu anayekagua tairi lililotumika. "Na huo nao utafungwa?"

Specioza akaapa. Machibya akalipa kwa mikono miwili, uso bado kwenye matairi.

"Wabeja, baba," akashukuru.

"Mimi siyo baba yako!"

"Sawa, baba."

Pikipiki ikawaka kwa kuguswa tu.

Jumamosi wazee wa upande wao walitangulia na gari aina ya Noah, Machibya na Specioza wakafuata na pikipiki. Mambo yalikwenda vizuri mpaka mzee Mayige akashusha pumzi. "Amebaki ng'ombe wa baba mdogo. Lakini mdogo wangu Bujiku yuko Kahama, hata simu hapokei. Asiyekuwepo hana ng'ombe. Tumfute."

Wazee wa akina Machibya wakakubali haraka sana. Specioza alikuwa ananawisha watu mikono, na habari ikampanda kooni kama maji ya moto. Akachukua nyama, akajaza mdomo. Ng'ombe mzima, kwa kunyamaza tu! Akatafuna, akaongeza nyingine. Jenifer akamuuliza kama anaumwa.

Wakaaga. Machibya akabonyeza stata mara moja, ngrrr, ikawaka. Mzee Mayige akasogea, amefurahi.

"Niliambiwa hii inasukumwa."

"Tumeweka betri mpya, baba. Kwa bei nzuri."

"Yangu nayo imekufa. Mmenunua kwa nani?"

Specioza akakohoa. Akamkanyaga kaka yake. Lakini Machibya alishavua kofia. Mkwe haombwi punguzo, na vilevile mkwe hadanganywi.

"Kwa baba mdogo Bujiku, sokoni Bariadi." Akatazama viatu. "Hakutuma salamu."

Jenifer akamgeukia Specioza.

"Spe, na wewe ulijua?" Jenifer akauliza.

Hapo Specioza akamwagika kama gunia la pamba lililokatika kamba: kaunta, Kahama, macho madogo, yote. Mzee Mayige akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia Machibya, "Kamlete. Kwa betri yake mwenyewe. Na mbuzi."

Bujiku alipoiona pikipiki akaanza kufunga mlango wa duka. "Binti, uliapa!"

"Nami nimenyamaza mpaka nimevimbiwa! Aliyesema ni mkweo."

"Sina mkwe!"

"Basi na ng'ombe huna. Twende Machi, wakamfute."

Mlango ukasimama. "Ng'ombe gani?"

"Wa baba mdogo."

"Dume au mtamba?"

"Mtamba."

Walirudi mishikaki, Machibya mbele, Bujiku katikati na mbuzi mapajani, Specioza nyuma kabisa ananing'inia. Bujiku alikuwa anapiga mluzi.

"Mkwe, betri haikusumbui?"

"Haisumbui, baba."

"Nzuri hiyo. Orijino." Akamtuliza mbuzi. "Ila bei yake ya kweli ni sitini, unajua."

"Sawa, baba. Nitaongezea."

"MACHI!"