Amevuka

Mji wa Bikoni ulipata jina lake kutokana na bikoni, jiwe la saruji la kuonyesha mpaka ambalo maserveya walilichimbia kando ya barabara, kule juu ukishapita Mau Narok, mahali ngano na ukungu hugombania kilima. Upande huu wa jiwe ni Kaunti ya Nakuru, upande ule ni Narok. Matrekta yameligonga hadi likainama, na kuna mlevi mmoja ambaye hulikalia kila jioni akitangaza kwamba kila tako lake lina gavana wake.

Ukiupita mbio utaona ni mji kama miji mingine. Kuna bucha, kinu cha unga, makanisa manne na duka la dawa za viazi. Lakini kaa wiki moja. Shule iko Narok na zahanati iko Nakuru, kwa hiyo mtoto akivunjika mkono akicheza mpira anavushwa kaunti nzima kwenda kufungwa plasta. Stima ikipotea upande mmoja, upande wa pili huongeza sauti ya redio makusudi. Machifu ni wawili na hawasalimiani. Na makarani wa ushuru nao ni wawili, wa Nakuru mwenye koti la bluu na wa Narok mwenye la kijani, na hao ndio waliowafundisha watu wa Bikoni kusema uongo kwa uso mkavu.

Uongo wenyewe ni neno moja tu. Karani akija akiuliza fulani yuko wapi, fulani akiwa amejikunyata nyuma ya gunia la viazi, anajibiwa: amevuka. Maana yake yuko ng'ambo ya mpaka, kwa kaunti ya wenyewe, na wewe na koti lako huna la kumfanya. Watoto wa Bikoni hulijua neno hilo kabla ya kujua kuhesabu.

Rahab hakuwa hata na haja ya kujificha. Mpaka hufuata barabara hadi kwenye jiwe, halafu, kwa sababu ambazo serveya alikwenda nazo kaburini, unakata kona na kupita katikati ya hoteli yake. Meza ziko Nakuru, jikoni ni Narok. Koti la bluu likiingia, Rahab huchukua mwiko na kurudi nyuma hatua tano. Koti la kijani likija kwa mlango wa nyuma, hutoka mbele na kuanza kupangusa meza. Kwa miaka kumi na miwili alikuwa amekula na kulala kati ya serikali mbili bila leseni ya yeyote, na alijivuna kwa hilo kuliko alivyojivunia chapati zake.

Kilichomuuma ni kingine kabisa. Alikuwa na binti mmoja, Cate, na Cate hakuwa amekanyaga Bikoni kwa miaka sita.

Nyumba ya kwanza ya Rahab iliteketea katika zile fujo za baada ya uchaguzi, yeye na mtoto wakiwa wamelala chali kwenye mahindi wakitazama moshi. Tangu siku hiyo kulikuwa na majina, ya kabila la waliochoma, ambayo akiyasikia alisikia tena harufu ya moshi. Wenye majina hayo aliwauzia chai kila siku, akacheka nao, akawauliza hali ya ng'ombe wao. Lakini Cate, aliyekwenda kufanya kazi ya maua Naivasha na kupanga chumba Karagita, alipopiga simu kusema amepata mchumba na anaitwa Kemboi, Rahab alimwambia akienda huko asirudi. Hakutaka kumwona huyo mtu, hakutaka hata picha yake. Kisha akabadilisha laini ya simu kwa hasira. Namba ya Cate aliijua kwa kichwa hadi leo. Kidole ndicho kilichokataa kuibonyeza. Alitaka mtoto wake arudi, alitaka kufa kwa kutaka, na alingoja mwingine aanze.

Basi, Jumatano moja saa nane mchana, kijana alishuka kwenye bodaboda karibu na jiwe. Viatu vilikuwa vimepigwa rangi. Mkononi alishika bahasha ya kaki. Alilitazama jiwe, akatazama barabara upande huu na upande ule, akatoa simu na kulipiga jiwe picha.

Mburu, mwenye bucha ya pili kutoka hoteli, aliyaona yote kupitia dirisha lake la nyama. Alipita uani akaingia jikoni kwa Rahab na kisu bado mkononi.

"Mama Cate, kuna mtu. Amepiga bikoni picha."

"Wa koti gani?"

"Hana koti. Ako na bahasha ya kaki."

Hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Tangu mwezi uliotangulia kulikuwa na fununu kwamba kaunti zote mbili zimekubaliana kupima mpaka upya na kubomoa kila jengo lililoukalia. Jengo lililoukalia lilikuwa moja tu. Rahab alipangusa mikono, akatoka mbele, na kumkuta kijana ameshakaa kwenye meza ya kona akisoma bei ukutani. Macho ya mtu anayesoma ukuta wa watu hakuyapenda.

"Karibu, boss. Chai ama uji?"

"Chai, mama. Asante." Kijana alingoja chai ifike. Alikuwa na jasho puani ingawa baridi ya Bikoni siku hiyo ilikuwa ya kuvunja meno. "Samahani, kuna mtu natafuta. Anaitwa Rahab Nyambura Kamande."

Hapo Rahab akajua. Bikoni yote ilimwita Mama Cate. Majina matatu kwa mfuatano huitwa na korti, hospitali na kaunti, na yeye hakuwa mgonjwa. Hakufikiria hata kidogo. Neno lilitoka lenyewe.

"Huyo amevuka."

Kijana aliweka kikombe chini. "Amevuka?"

"Eeh. Amevuka."

"Lini?"

"Juzi."

Kijana alivua kofia yake na kuiweka kwenye goti. Rahab akamtazama, akijiuliza ni ujanja wa aina gani huu, maana makarani aliowazoea wakiambiwa amevuka hutukana.

"Pole sana, mama," kijana akasema. "Poleni nyote. Sasa wewe ni nani wake?"

"Mimi? Mimi nimeandikwa kazi tu hapa."

"Na watu wanakutana lini?"

Anauliza siku ya soko, Rahab akawaza, anataka kutukuta wote. Lakini siku ya soko si siri, hata mawingu yanaijua. "Jumamosi. Kama kawaida."

"Hapa hapa?"

"Hapa hapa. Kuanzia asubuhi."

Kijana aliandika Jumamosi nyuma ya bahasha. Halafu akasimama, akamshika Rahab mkono kwa mikono yake miwili, akasema, "Mungu awatie nguvu," na akatoka. Alilipa chai na hakuwa ameionja.

Rahab alibaki amesimama na kikombe. Nguvu za nini? Kwa nini mtu akutakie nguvu kama hana jambo anakupangia? Na ni mtu gani wa serikali huacha chai? Alimweleza Mburu, na Mburu, ambaye ameogopa kitu kimoja au kingine tangu azaliwe, akasema hicho kilikuwa kitisho cha wazi, cha kisomi, cha watu wa ofisi kubwa.

Siku mbili zilizofuata hawakulala vizuri. Rahab aling'oa kibao cha hoteli akakificha chini ya kitanda. Mburu alihamisha mzani wake. Mhubiri wa kanisa la tatu aliombea mipaka. Watu walikubaliana kwamba Jumamosi, akija yeyote na kaki, hakuna mtu anayemjua mtu, na Rahab amevuka, hata kama ameonekana.

Jumamosi saa nne soko lilikuwa limejaa hadi barabarani. Gari jeupe la kukodi lilipanda kilima polepole likasimama kando ya jiwe. Wa kwanza kushuka alikuwa yule kijana. Rahab alimwona kutoka kwenye meza zake. Wakafuata wanawake watano wenye vitambaa vyeusi kichwani, mmoja na sufuria kubwa, mwingine na gunia la mchele, na wawili wamekumbatia maua, mawaridi mekundu mengi mno. Sasa ni kaunti gani hii, Rahab akajiuliza, inayokuja kubomoa na sufuria? Hakungoja kujua. Alirudi nyuma hatua zake tano, akaingia Narok, akafunga mlango wa jikoni na kubandika jicho kwenye ufa.

Ndipo akasikia kilio.

Sauti hiyo aliijua kabla hajaona mtu. Aliijua tangu ikililia maziwa. Cate alikuwa amepita katikati ya watu, viatu mkononi, akamwangukia Mburu kifuani juu ya aproni yenye damu, analia mama, mama, mama yangu, nimechelewa, mama yangu. Mburu alisimama mikono juu, hajui aiweke wapi.

"Cate? Ni wewe? Kwani ni nini?"

"Mama yuko wapi, Mburu? Mmemweka wapi?"

Mburu alifungua mdomo amwambie. Kisha juu ya bega la Cate akaiona ile bahasha inakuja, imeshikwa na yuleyule. Akamtazama kijana machoni, akakaza uso na kusema kama walivyokubaliana:

"Amevuka."

Kilio kilikatika. Cate aliinua kichwa. Alikuwa mtoto wa Bikoni, na neno hilo amelitumia mara mia kwa makarani akiwa na kalamu ya shule mkononi. Alimgeukia kijana.

"Kemboi, ulisema uliambiwa mama amefariki."

"Niliambiwa amevuka," Kemboi akasema. "Si ni kitu moja? Kanisani tunaimba hivyo."

"Nani alikuambia?"

"Mama mmoja hapa hotelini. Alisema ameandikwa kazi tu."

Nyuma ya mlango, Rahab aliondoa jicho kwenye ufa. Kwa hiyo huyo ndiye Kemboi. Kwa miaka sita alikuwa amemtengenezea sura kichwani, sura ya kutisha, na alipokuja mwenyewe na jasho la woga puani alimuuzia chai na kujiua mbele yake. Alitamani kubaki Narok milele. Lakini Cate alikuwa tayari anakuja, na mlango huo hakuna aliyejua kuufungua kwa bega kumshinda yeye.

Mlango ukafunguka, wakatazamana. Rahab alikuwa na unga hadi kwenye viwiko. Cate alikuwa na macho mekundu na damu ya mbuzi shavuni, na alikuwa amekonda. Rahab alinyoosha mikono, na Cate akarudi nyuma.

"Usinishike. Niambie kwanza. Ulimjua?"

"Sikumjua, Cate. Nakuapia. Alikuja na kaki, akaniita majina matatu, nikajua ni kaunti."

"Ulimwangalia ukaona afadhali ufe kuliko kumkaribisha."

"Sikumjua!"

"Hivyo ndivyo unawaambia wale wa bluu. Na wale wa kijani. Na uso ni huo huo." Cate alianza kulia tena, sasa kwa hasira. "Siku tatu, mama. Siku tatu nimekulilia, nikimwambia mtoto jina analobeba ni la mtu hayuko."

Mtoto! Rahab alitazama nyuma ya binti yake. Mmoja wa wale wanawake alikuwa amembeba mgongoni, amelala, soksi moja imetoka. Soko lote lilikuwa limejipanga dirishani. Mburu alikuwa tayari kumtetea, na mhubiri pia, na yeyote mwingine, lakini nani angeamini shahidi wa Bikoni? Rahab alisema kweli kwa mara ya kwanza mbele ya watu wengi hivyo na haikumsaidia hata kidogo.

Kemboi aliingia akiinamisha kichwa mlangoni. Alikuwa ameshika kofia.

"Mama," akasema taratibu, "mimi nilikuwa nimekuletea picha ya mtoto, na kukualika akiwekwa wakfu kanisani. Sijakasirika. Lakini nataka kuuliza. Kama ungejua ni mimi, ungesema nini?"

Jibu zuri lilikuwepo. Lilikuwa limekaa tayari kwenye ulimi, jepesi, na watu wote dirishani walikuwa wanalingojea waanze kupiga makofi. Ningekukaribisha, mwanangu. Maneno mawili. Rahab alikuwa amesema makubwa kuliko hayo kwa watu wenye mihuri, bila kupepesa jicho.

Alimtazama Kemboi, akaitazama ile soksi iliyotoka, na aibu ikampanda hadi masikioni.

"Ningesema vile vile," akasema.

Dirishani mtu alishusha pumzi. Kemboi alivuta midomo ndani, akatikisa kichwa kidogo, akakaa kwenye gunia la viazi kama mtu aliyetembea mbali. Rahab alisimama hapo akingoja watoke, wapande gari lao na maua yao, na safari hii angejua ni kwa nini.

Cate alijifuta uso kwa kitambaa cheusi. Alimtazama mama yake kwa muda mrefu, jinsi mtu anavyotazama noti kwenye mwanga.

"Sasa hiyo naamini," akasema. Aligeuka, akamfungua mtoto mgongoni mwa yule mwanamke, akamweka mikononi mwa Rahab, hivyo hivyo na unga. "Mshike vizuri. Bado nakulilia, sijamaliza."

Akakaa sakafuni kando ya mume wake, akaendelea kulia.