Gitaa la Fundi Kesho

"Kamwene, fundi. Kabati langu vipi?"

"Kamwene, mama. Kesho. Kesho linakuwa tayari."

Joachim alijibu bila kuinua uso. Mapajani alikuwa na bapa la mti lenye pembe mbili fupi kama za ndama, na kwa ncha ya msumari alikuwa akishindilia vumbi la mbao lililochanganywa na gundi ndani ya kijitundu chembamba kuliko kalamu. Yule mama alilitazama kabati lake lisilo na milango, akalitazama lile bapa, akaguna.

"Haya. Wewe kesho zako zinaishaga kweli?"

Mafundi wa karakana ya jirani wakaangua kicheko. Mafinga nzima, ukirusha jiwe utampata fundi seremala, lakini Fundi Kesho alikuwa mmoja tu, na jina hilo walimwita hadharani.

Wala hakuwa mvivu, jamani, tusimsingizie. Mbao za paini zina vifundo, na kifundo kikikauka kinadondoka, kinaacha tundu. Fundi mwingine angepitisha rangi hapo juu akakabidhi kazi. Joachim anaziba, anasugua msasa, anatazama kwa jicho moja, anaziba tena, hata nyuma ya kabati ambako atakayechungulia ni mende. Kazi yenye tundu haikutoka kwake kamwe. Na nyingine hazikutoka kabisa.

Lile bapa lilikuwa tumbo la gitaa la umeme. Lilikuwa limekuja ndani ya boksi, vipande vipande: tumbo, shingo, nyuzi, vyuma, sumaku, nyaya, na karatasi ya michoro yenye maandishi ya Kichina. Boksi lilikaa sana kwenye duka la Junaid kule Mbeya, maana nani anunue gitaa la kuunga mwenyewe? Joachim alipokwenda kumfungia shelfu za duka, alilipata kwa bahati, akaomba alipwe hilo pamoja na nauli ya kurudi. Junaid alidhani anataniwa.

Lilikuwa la Devotha, binti yake.

Huyu Devotha alikuwa darasa la tano. Alipoanza la kwanza baba yake alimwahidi kitanda, na hadi leo godoro lake lilikuwa sakafuni. Mtoto wa seremala! Miaka ya mwanzo aliuliza kila jioni, kitanda changu kiko wapi. Siku hizi haulizi kitu. Anamwamkia baba yake vizuri, anapokea kazi anazotumwa, anacheka, lakini haulizi. Joachim alikuwa radhi asimangwe na wateja wote wa Mafinga kuliko kunyamaza kule.

Halafu ikaja habari ya gitaa. Mwalimu Andendekisye wa kwaya alikuwa amemfundisha Devotha kupiga solo kwa gitaa la kwaya kuu, na mtoto akalishika haraka mpaka watu wazima wakawa wanasimama dirishani kumsikiliza. Ikapangwa apige Sikukuu ya Mikaeli na Watoto, Jumapili ile moja ya mwaka ambayo ibada yote huongozwa na watoto. Kumbe Jumapili hiyohiyo kwaya kuu ilikuwa na mwaliko Iringa mjini, na vyombo vyao wangeondoka navyo. Ingebaki spika moja na ngoma. Gitaa hakuna.

"Nitakutengenezea," Joachim alisema, boksi likiwa mbele yao. "Kabla ya Mikaeli."

Devotha alimtazama kidogo. "Asante, Baba," akasema, kwa upole uleule ambao mtu humjibu mgeni.

Basi akalifanyia kazi. Alisugua msasa mkali, akasugua laini, akasugua tena kwa karatasi ya madaftari. Devotha alikataa rangi. Alitaka mistari ya mti ionekane, kwa hiyo vanishi tupu, mkono juu ya mkono, mpaka ukiinama unaona meno yako. Kila kijitundu alichokiona hakina skrubu alikiziba, hata kimoja kilichokuwa chini kabisa ya kile chuma kinachoshika nyuzi, mahali ambapo hakuna binadamu angekiona. Alipomaliza kuunganisha nyaya kwa kufuata michoro, ulibaki waya mmoja mweusi.

"Huu wa nini?" Anjela, mkewe, aliuliza.

"Akiba. Wachina wana huruma, wanajua kuna kukatika." Akautupa kwenye kopo la misumari.

Ijumaa jioni lilikwisha. Ndiyo, lilikwisha, na mafundi wa jirani walikuja kulishika mmoja mmoja kwa mikono waliyoifuta kwanza kwenye suruali. Devotha alilivaa, akapitisha kiganja kwenye vanishi, akasahau kabisa kusema asante. Joachim alifurahi mpaka akaona haya, akajifanya anatafuta nyundo.

Jumamosi asubuhi wakaenda mazoezini. Watoto walijipanga, Mwalimu Andendekisye akachomeka waya kwenye gitaa, akawasha spika.

*Nguuuuuu.*

Kanisa zima likanguruma. Devotha akapiga nyuzi, na sauti yake ikasikika kwa mbali ndani ya ule mngurumo, kama mtu anayeita ng'ambo ya mashine ya kusaga. Watoto wakaziba masikio, wakacheka. Mwalimu akageuza vitufe huku na huku, akapangusa jasho.

"Mwanangu, hapana," akasema taratibu. "Wazee hawataweza kukaa na hii. Tutaimba na ngoma tu, eeh? Usihuzunike."

Devotha hakulia. Njiani alilibeba gitaa lake mwenyewe, akamkataza baba yake kulishika. Walipofika kwenye magogo ya kiwanda cha mbao akasema, "Si kitu, Baba. Utalimaliza kesho."

Hakusema kwa kejeli. Alitaka kumliwaza tu, kwa neno alilozoea kulisikia nyumbani. Na kesho yenyewe ndiyo ilikuwa Mikaeli.

Joachim alisimama. Lori la mbao likapita, likawamwagia vumbi, naye hakujipangusa.

"Leo," alisema. "Twende."

Yasmini alikuwa fundi wa redio na simu karibu na stendi, mwanamke mwenye miwani iliyofungwa kwa waya. Alilipokea gitaa kwa mikono miwili. "Mashallah! Hii vanishi umepaka wewe?" Akalichomeka kwenye spika yake. *Nguuuuu.*

"Nikishika hapa linapungua," Devotha alisema, akagusa chuma cha waya pale unapoingilia. Kweli, mngurumo ukashuka. Akaachia, ukapanda.

Yasmini alimtazama mtoto juu ya miwani. "Huyu umpeleke ufundi. Sasa, baba Devotha, gitaa halina athi ya kumeza mngurumo. Lazima kuwe na waya kutoka huku kwenye vitufe, upite ndani ya mti, mpaka kwenye chuma cha nyuzi. Uko wapi?"

"Mweusi?"

"Mweusi."

"Upo kwenye kopo la misumari."

"Na tundu lake?"

Joachim alikohoa. "Nimeliziba."

Yasmini alicheka mpaka akavua miwani. "Yaani Mchina katoboa makusudi, wewe ukamsitiri!"

Devotha naye akacheka, akaziba mdomo. Baba yake akajikuta anacheka pia, lakini akaacha upesi, maana alijua gundi yake. Ikishakauka imekuwa mti. Na sindano zote za keekee yake zilikuwa nene. Ingeteleza kidogo tu ingetokea usoni mwa gitaa.

Nyumbani alilegeza nyuzi, akakifungua kile chuma. Kisha akamwambia Anjela awashe jiko la mkaa. Babu yake alikuwa akipiga ligombo, ala ya nyuzi ya Wahehe, na matundu ya kamba hakuyatoboa kwa keekee wala patasi: aliyachoma kwa chuma chekundu. Joachim akachomoa spoku ya baiskeli yake mwenyewe, akaitia motoni.

"Baba, ikitoboka juu?"

"Ikitoboka nitakuwa nimekuharibia. Shika taa ya simu hapo. Usipumue."

Spoku iliingia ikichirizisha moshi. Gundi ikanuka vibaya. Alirudi motoni, akaingiza tena, mlalo uleule, pole, pole. Na mara chuma kikateleza, kikalamba vanishi kando. Doa jeusi, la ukubwa wa punje ya mtama. Devotha akashtuka. Joachim aliuma meno, akairudisha spoku tunduni, akasukuma, mpaka akaisikia inapenya upande wa pili.

Waya mweusi ukapita. Yasmini, aliyekuja mwenyewe na kifaa chake, akaulehemu jua likiwa bado juu ya misonobari. Chuma kikarudishwa mahali pake. Doa lilibaki nje, wazi, katikati ya kazi safi kuliko zote alizowahi kufanya. Mkono wa Joachim ukaenda wenyewe kwenye kopo la gundi.

"Usizibe," Devotha alisema.

"Linaonekana, mwanangu."

"Nataka lionekane. Na kitanda changu, Baba, usikipake rangi na chenyewe."

Joachim alilitazama kopo. Kitanda. Kwa namna yake, Devotha alikuwa ameuliza tena. Akaitikia kwa kichwa mara nyingi, kama mtu aliyepewa kitu kizito akiwa amesimama vibaya.

Jumapili kanisa lilijaa mpaka wengine wakakaa nje kwenye nyasi. Mwalimu Andendekisye alichomeka waya, akamtazama Joachim kule nyuma, akawasha spika huku amekunja uso. Watoto wa mstari wa mbele wakaziba masikio.

Kimya, hakuna mngurumo. Mzee mmoja akakohoa. Nje jogoo akawika.

"Limekufa?" Anjela alinong'ona.

"Subiri," Joachim alisema.

Kule mbele Devotha aliweka kidole kidogo juu ya lile doa jeusi, akavuta pumzi, akainua mkono kupiga.