Malaika wa Zizi la Sverre

Halvor Brekke alikuwa amekula kiapo kwamba hatakanyaga shamba la jirani yake Sverre mpaka afe. Waligombania ua wa mpakani miaka minne, pale kwenye nyanda za Saskatchewan, Kanada. Ndiyo maana siku alipopotea kwenye dhoruba ya theluji akielekea kuwalisha farasi, akapapasa mpaka mkono ukagusa mlango, akasukuma, akaangukia ndani ya zizi la nguruwe la Sverre, aliona aibu kabla hajaona nafuu.

Alikaa humo siku mbili, amemkumbatia nguruwe jike mnene, anakula viazi vya kulishia nguruwe.

Alipofika nyumbani anajikokota, Mchungaji Lunde alikuwa sebuleni akimfariji Ragna, mke wa Halvor.

"Nani alikulinda, ndugu yangu?" Mchungaji akauliza.

Halvor akamwona Sverre naye yupo, kofia mkononi. "Malaika," akasema. "Mkubwa. Ana joto."

Jumapili, Halvor alipotoa ushuhuda kanisani, malaika alipata mabawa. Jumapili iliyofuata akaimba. Kanisa lilijaa mpaka watu wakasimama mlangoni, na Halvor, ambaye zamani alikuwa akisinzia kwenye kila mahubiri, sasa alikuwa wa kwanza kufika.

Sverre akaguswa moyo mno. Akatangaza karamu ya shukrani: angechinja nguruwe wake mnene kuliko wote.

Siku ya kuchinja Halvor alikuja mbio, buti moja halijafungwa. "Mwache! Usimguse!"

"We Halvor, una wazimu?"

"Ndiye malaika!"

Waumini waliokuja karamuni wakageuka kumtazama nguruwe. Ragna ndiye aliyeanza kucheka, akashika ukuta. "Nilisema mimi! Malaika gani anaacha koti linanuka vile?"

Mchungaji alikuwa mwekundu kama nyanya. "Umetudanganya kanisani?"

"Mabawa niliongeza," Halvor akakiri. "Wimbo pia. Lakini nilisali, Mchungaji. Nilisema, Bwana, nipe chochote chenye joto, sichagui. Hapo hapo yule akanilalia miguuni."

Mchungaji akakuna kichwa. "Na mimi nimeshamwandikia askofu."

"Basi mwache askofu na malaika wake," akasema bibi kizee Ingeborg. "Ukimwandikia habari za nguruwe, atakuhamisha."

Walikula samaki wa chumvi. Sverre alinung'unika kutwa nzima kuhusu viazi vilivyoliwa bila ruhusa, lakini kisu alikirudisha jikoni. Jumapili iliyofuata kanisa lilikuwa na nafasi tele, na Halvor akakaa kiti chake cha zamani, macho wazi.