Eda ya Nchi Ndogo

Usiku wa jana niliota nakuna nazi jikoni, mara nchi moja ndogo akaingia kwa mlango wa uani, amevaa buibui, reli imemzunguka shingoni kama mkufu. Nikampa kigoda.

Akanieleza shida yake. Taifa kubwa la ng'ambo lilimuua mtawala wake saa tatu asubuhi. Saa nne likamletea mwingine, kapigwa pasi hukohuko. Ndoa naye ni leo. Wanawe wawili, Kaskazini na Kusini, hawasalimiani tena. Kila mmoja kapewa bunduki amlinde mama dhidi ya mwenziwe.

"Huyo wa kwanza alikuwa mwema?" namuuliza.

"Mkorofi, Bi Rukia. Lakini nilikuwa nimeshaanza kumfukuza mwenyewe."

Nageuka kuchukua kifuu, jiko limekuwa bunge. Nimekaa palepale juu ya mbuzi yangu ya kukunia nazi, mbele ya spika. Mshenga ni manowari. Amejibana mlangoni, kavua nanga kwa heshima, ananiita mama. Anasema wamemuuliza bibi harusi mara tatu, akanyamaza, na kunyamaza ni kuridhia.

Nikajua wamesoma nusu ya kitabu.

"Hilo ni la mwari, baba," nikamwambia. "Mjane husema kwa kinywa chake. Na hata kuposwa haposwi kabla ya eda kwisha. Miezi minne na siku kumi. Mimi nilikaa, na huyu atakaa."

Akauliza kama haiwezi kuwa wiki moja, maana picha za bwana harusi zimeshatundikwa mashuleni. Nikamwambia wazitundue.

Wabunge wakatazama sakafu. Mizinga ya mshenga ikageuka polepole, ikamwelekea nchi. Nikaendelea kukuna nazi.

Nchi akainuka. Milima ikagonga dari.

"Sitaki," akasema.

Kaskazini akaweka bunduki chini. Kusini akamtazama kwanza, kisha naye akaweka. Manowari akavaa nanga yake, akatoka kinyumenyume, akisema atarudi eda ikiisha.

"Njoo," nikamwambia. "Utamkuta na kinywa hichohicho."

Nchi nikampa chumba changu cha ndani.

Adhana ya alfajiri ikaniamsha. Naishi peke yangu tangu mume wangu, Mzee Shomari, afariki, na chumba kile sikifungi. Leo mlango umekomewa kwa ndani. Chini yake yanapita maji membamba, baridi, ya mtoni, na kisamaki kimoja kinatapatapa sakafuni.

Nikakisukuma kwa kidole kikarudi ndani. Nikatawadha kwa maji hayohayo, nikasali.