Matundu ya Tuta la Tisa

Kwenye bustani ya mtaa, nyuma ya zahanati, jani zima la spinachi lilitazamwa kama mgeni aliyeingia harusini bila kualikwa.

Desturi hiyo ilianzishwa na Mama Mwenyekiti, mwalimu mstaafu. Siku walipomaliza kuzoa taka kwenye kiwanja kile na kugawana matuta ishirini, alisimama juu ya ndoo akatangaza kuwa hapa hapulizwi dawa ya wadudu, na asiyeamini atazame majani: kama kiwavi amekula akaishi, na wewe utakula utaishi. Tangu hapo wanunuzi wa Jumamosi waliinua kila fungu kwenye mwanga wakitafuta matundu. Mboga zisizo na sumu zilikuwepo pia katika duka la barabara kuu, zimelazwa kwenye ubaridi kama wagonjwa wa kulipia, lakini bei yake ilikuwa ya kuuliza tu, kisha mtu akaaga. Hapa hata mfua nguo aliondoka na mafungu mawili. Ndiyo maana sharti lilikuwa kali: atakayepuliza dawa, hata mara moja, ananyang'anywa tuta.

Fundi Soli, mshona viatu, alilijua sharti hilo kuliko wote, maana Mama Mwenyekiti alikuwa mama mkwe wake. Alisubiri tuta miaka miwili. Alipopewa la tisa, mama mkwe wake alimwambia mbele ya watu, "Mkwe wangu, nimekudhamini. Ukiniaibisha, sikujui."

Basi Fundi akalitunza tuta lake kwa namna pekee aliyoijua. Kila asubuhi, kabla ya kufungua kibanda, alipiga magoti na brashi mpya ya manyoya laini, akapiga brashi kila jani, juu na chini, kama anang'arisha kiatu cha bwana harusi. Viwavi aliwafagilia kwenye kopo tupu la rangi ya viatu, akawapelekea kuku wa jirani. Aliyejua ni mkewe tu, ambaye alicheka mpaka akakaa chini, kisha akauliza kama spinachi hiyo inavaliwa na soksi.

Jumamosi ya mavuno ya kwanza, mafungu ya tuta la tisa yalikaa mezani yaking'aa, bila tundu hata moja. Nesi wa zahanati aliinua moja, akaligeuza, akalirudisha taratibu.

"Hii imepulizwa."

"Haijapulizwa, dada."

"Mbona viwavi wameikimbia? Wamenizidi akili?"

Halikununuliwa hata fungu moja. Mama Mwenyekiti akamvuta mkwewe pembeni. "Leo sikuulizi kitu. Ila zikija hivi tena Jumamosi ijayo, mkutano wa kukutoa nitauongoza mwenyewe. Usinifikishe huko, baba."

Fundi alitaka kueleza habari za brashi, lakini aliona aibu. Mwanamume gani anasimama mbele ya mama mkwe wake kusema kwamba anasugua mboga?

"Nimesikia, mama," alisema.

Jumanne aliiacha brashi nyumbani kwa makusudi, ili viwavi wajihudumie. Alipomwona mmoja anapanda shina, moyo ukakataa. Akamtoa kwa kidole, na mwenzake, na wa tatu. Kesho yake akairudia brashi, na kufikia Jumamosi majani yaling'aa kuliko mwanzo. Alfajiri hiyo alijibanza nyuma ya tangi la maji na mafungu yake, na koleo lake la kutobolea mikanda.

Lakini mtu aliyetoboa mikanda miaka kumi na tano hajui kutoboa vibaya. Kila jani lilipata matundu matano, ya duara, kwenye mstari mmoja, yenye nafasi sawa.

Kwa mbali nesi alitabasamu. Alipofika karibu, akakunja uso. "Viwavi hawa wametumia rula?"

"Mimi nipe la tundu la mwisho," alisema mfua nguo nyuma yake. "Siku hizi nimenenepa."

Mama Mwenyekiti alivaa miwani. Aliweka jani juu ya jani, akachungulia, akamwona mkwewe upande wa pili kupitia matundu yote matano.

"Mkwe wangu," alisema polepole, "niambie mwenyewe, kabla sijaita mkutano."

Fundi alilitazama tuta lake. Akinyamaza, leo linaondoka. Aliingiza mkono mfukoni, akaweka mezani brashi na kopo.

"Mama, naomba radhi. Matundu ni yangu. Lakini dawa sijapuliza. Huwa napiga brashi."

"Unapiga brashi nini?"

"Spinachi."

Nesi, ambaye hakuwa mtu wa kungoja, alifungua kopo. Kiwavi mnene wa kijani alinyanyua kichwa, na nyuma yake ukoo mzima. Yule mwanamke aliyeshinda akichoma watu sindano alirudi nyuma hatua tatu, akamkanyaga mfua nguo.

Mama Mwenyekiti alichukua brashi, akaenda moja kwa moja kwenye tuta lake mwenyewe, la kwanza, ambalo majani yake yalikuwa yamebaki kama chandarua. "Nionyeshe."

Fundi alipiga magoti. Baada ya majani sita, kopo lilijaa.

"Kudanganya ni kosa," alisema mwenyekiti hatimaye. "Tuta utabaki nalo. Adhabu yako ni kutufundisha sisi wote, kila asubuhi, mpaka mikono izoee. Na wewe nesi, acha kushika kifua, nunua mboga."

Nesi alinunua mafungu mawili, yale yale ya mkanda. Alisema matundu kama hayo hayapatikani kwenye lile duka la ubaridi.

Jumatatu asubuhi wanachama walipiga magoti kila mmoja kwenye tuta lake, brashi mkononi. Fundi alipita taratibu hadi tuta la kwanza, akasimama, akakohoa kidogo.

"Mama, samahani. Lishike jani kwa chini kwanza. Hivyo linaumia."

Mama Mwenyekiti, aliyefundisha watoto wa mtaa ule kushika kalamu kwa miaka thelathini, alibadilisha mkono.

"Hivi, mwalimu?"

"Hapo sawa, mama," alisema Fundi, akainama kulitazama tuta la pili, ili asionekane anavyotabasamu.