Shingo ya Fundi Cheche

Umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi, na bado Fundi Cheche aliona mtu anachomelea.

Mwanga ulimpiga pembeni mwa jicho la kulia, mweupe na mkali, kisha ukazimika. Aligeuka kwa hasira. Katika karakana zile kulikuwa na sheria moja iliyoheshimiwa na wote, walevi wakiwemo: kabla hujawasha, paza sauti useme "Macho!", ili kila aliye karibu afumbe au ageukie kwingine. Asiyefanya hivyo alihesabiwa sawa na mtu anayerusha mawe sokoni.

"Nani anachoma kimyakimya?" alifoka.

Jirani yake, fundi wa vitanda vya chuma, alikuwa amejinyoosha juu ya benchi akingojea umeme urudi. "Achome na nini, Cheche? Na kiberiti?"

Mwanga ukapiga tena. Safari hii uliacha vidoa vyeusi vinavyoelea, kama masizi yaliyoanguka kwenye ndoo ya maji. Fundi alikaa taratibu juu ya kopo la rangi, akafumba jicho, na mwanga ukapiga humohumo gizani. Hapo ndipo alipotambua kwamba anayechoma yumo ndani ya kichwa chake, na hofu ikamwingia.

Maana jicho lenyewe lilikuwa hilo tu. La kushoto lilichukuliwa na kipande cha chuma alipokuwa angali mwanagenzi, siku aliyovua miwani kidogo tu ajipanguse jasho. Watu waliozoea kumtania walimwambia mkewe kwamba ameolewa na nusu ya mtazamo. Mkewe, ambaye ndiye aliyepaka rangi kila geti lililotoka mikononi mwa mumewe, aliwajibu kwa methali moja, na brashi haikusimama: mpenda chongo huita kengeza.

Ni yeye aliyemshika mkono mchana ule hadi hospitali ya macho.

Daktari alikuwa mwanamke mpole, mwenye kucha fupi na sauti isiyo na haraka. Alimtia matone, akamchungulia kwa muda mrefu, akamgeuzia kiti mkewe ili wote wawili wasikie.

"Nyuma ya jicho kuna utando mwembamba kuliko ganda la kitunguu. Unaitwa retina, na ndio unaoona. Wako umechanika, mzee. Majimaji ya ndani yakipenya kwenye mpasuko, yataubandua wote."

"Kama rangi inavyobanduka kwenye geti," alisema mkewe.

"Hivyo hivyo, mama. Ukishaanza kubanduka, kazi inakuwa kubwa na matumaini madogo. Leo bado umeshika. Nataka niuzunguke mpasuko kwa leza, nukta kwa nukta, niushikize."

Fundi aliinua kichwa. "Yaani unachomelea?"

"Nachomelea kwa mwanga."

"Daktari, maisha yangu yote nawakataza watu kuangalia mwanga. Wewe unataka niutolee jicho?"

"Nataka uutolee jicho, na usitikisike."

"Na huku mbele je? Mwanga wa kuchoma nyuma utapitaje mbele bila kuchoma mbele?"

Daktari alitabasamu, kama mtu aliyeulizwa swali analolipenda. "Jua linapita kwenye kioo cha dirisha, kioo kinabaki baridi, lakini kiti kilicho ndani kinapata moto. Mbele ya jicho ni dirisha. Kiti kiko nyuma."

Fundi alijua moto unaopita kwa kuharibu, moto unaoyeyusha chochote ulichokigusa kwanza. Hakuwahi kufikiri kwamba upo moto unaobisha hodi, ukapita sebuleni bila kugusa kitu, ukaenda kufanya kazi yake chumba cha ndani. Alijiona mdogo sana mbele ya jambo hilo, na hakuona aibu kujiona mdogo.

Chumba cha leza kilikuwa na giza la kiasi. Muuguzi alimpa mkewe miwani ya rangi ya chungwa avae, kwa sababu kila aliyemo lazima ajikinge. "Leo mimi ndiye mwenye miwani," mkewe alisema, lakini sauti yake haikuwa na mzaha wa kutosha. Fundi aliweka kidevu juu ya kiegemeo cha mashine, akaegemeza paji la uso kwenye ukanda, na daktari akamwekea lenzi juu ya jicho lililotiwa ganzi.

Chini ya meza kanyagio likalia, tiki. Mwanga wa kijani ukawaka. Na Fundi Cheche akainama.

"Usitikisike, mzee."

"Samahani. Sikukusudia."

Tiki. Safari hii aliinama kabla ya mwanga, kwa nguvu, hata lenzi ikachomoka. Daktari aliondoa mguu kwenye kanyagio na kuvuta pumzi.

Ilikuwa shingo. Mchomeleaji ana mikono miwili na yote ina kazi: mmoja umeshika chuma, mwingine umeshika kijiti cha kuchomelea. Kofia yenye kioo cheusi hukaa imeinuliwa juu ya paji, na mwenyewe akitaka kuwasha huinamisha shingo ghafla, pa! kofia ikaanguka usoni. Fundi alikuwa amefanya hivyo hadi shingo ikaacha kungoja amri. Aliinamia radi. Aliinamia taa za magari. Picha yake ya harusi, iliyotundikwa sebuleni, ilionyesha bwana arusi aliyezika kidevu kifuani, na kila mgeni aliyeiona alisema, "Kumbe ulikuwa na haya kiasi hiki!"

"Nukta ya pili imeangukia pembeni," daktari alisema. "Ni mahali pasipo na madhara. Lakini nikikosea nikapiga katikati, pale unapotambulia nyuso za watu, sina namna ya kurudisha. Huenda tusimamishe, nikuandikie rufaa ukafanyiwe ukiwa umelazwa usingizi."

"Lini?"

"Wiki ijayo, wakipata nafasi."

Wote watatu walijua kwamba utando uliochanika hausubiri nafasi.

Mkewe aliinuka. "Daktari, shingo yake inatafuta kofia."

"Sijakuelewa, mama."

"Anainama ili kofia ishuke. Ikishashuka, hainami tena. Anaweza kukaa nayo hata jua likachwa. Sasa shingo yake inajua kwamba kofia iko juu." Alisogea nyuma ya kiti bila kungoja ruhusa. Alipitisha kiganja kimoja kwenye paji la mumewe, kingine akakiweka kisogoni, akabana pale pale ambapo mkanda wa kofia ulikuwa umeacha alama ya kudumu. Viganja vilinuka tapentaini.

"Baba watoto," alisema karibu na sikio lake. "Kofia imeshuka. Nimeishusha mimi."

Fundi alihema. Kitu fulani kilichokuwa kimekazwa chini ya fuvu kililegea, polepole.

Tiki. Kijani. Shingo haikusogea.

"Endelea, daktari," mkewe alisema.

Nukta zikaja, moja baada ya nyingine. Hapakuwa na harufu. Hapakuwa na moshi wala cheche, wala ile sauti ya mafuta yanayokaanga ambayo chuma hutoa. Kulikuwa na kijani tu, kijani kilichozidi majani yote aliyowahi kuyaona, kikijaza kichwa kizima na kuondoka bila kuacha jivu. Mara mojamoja alisikia mchomo mdogo, mbali, kama wa mtu mwingine. Alistaajabu, Mungu wangu, alistaajabu hadi machozi yakamtoka. Alikuwa ameutumikia mwanga tangu ujana wake akiukwepa uso. Leo ulikuwa umeingia ndani yake na kumtumikia.

Leza ilipozimwa, aliona giza. Alikamata ukingo wa meza.

"Sioni. Daktari, sioni kitu."

"Jicho limelewa mwanga. Subiri."

Alisubiri. Dakika zilikokota miguu. Kisha katika giza kulitokea kitu cha zambarau, kikawa vijiti, vijiti vikawa vidole, na kwenye kidole kimoja kukaonekana rangi ya bluu ya geti la jana, iliyokaukia ukuchani. Alivitazama vidole vile.

Waliporudi baada ya majuma machache, daktari aliwaonyesha picha ya ndani ya jicho. Fundi aliisogelea kama anayekagua kazi ya fundi mwenzake. Mpasuko ulikuwa umezungukwa na nukta za rangi hafifu, zimekaribiana vizuri.

"Leza haikuunga," daktari alieleza. "Ilitia majeraha madogo tu. Kilichounga ni makovu."

"Kazi safi," Fundi alisema. "Lakini hii moja imekaa peke yake huku kando?"

"Hiyo ni yako, mzee. Hapo uliinama."

Daktari aliwachapia nakala. Nyumbani mkewe aliichomeka kwenye kona ya fremu ya picha ya harusi, akarudi nyuma hatua moja, akacheka hadi akashika mbavu.

"Zote mbili umeinama!"

Fundi naye akacheka, akasogea kuangalia. Miaka yote alipoitazama picha ile alijitazama yeye tu, utosi wake wa aibu, akageuka haraka. Sasa jicho lake, ambalo halikuwa na haraka tena, lilimpita bwana arusi likaenda kwa bibi arusi. Hakuwa akiitazama kamera. Alikuwa amemgeukia mumewe, na mkono wake wa kulia ulikuwa hewani, umepaukapauka kwa sababu ulikuwa ukisogea, vidole vimefika karibu kabisa na paji lake la uso.

"Mkono huu," alisema, "ulikuwa unafanya nini?"

Mkewe alipangusa machozi ya kicheko kwa ncha ya kanga, akatazama.

"Nilikuwa nakuinua," alisema. "Mpiga picha hakungoja."