Mapipa Kando ya Tanuri

Mimi sibishaniwi mambo ya joto. Miaka kumi na tisa nimepima kiwango cha kuyeyuka cha kila unga ulioletwa kwenye maabara yetu, na nikikuambia nyuzi mia moja tisini na saba, usinisumbue na mia moja tisini na sita.

Jumatatu, afisa usalama wa kiwanda cha kupaka vyuma kromu alituletea kichupa cha fuwele nyekundu zilizokoza. Oksidi ya kromu. Ikiyeyuka ikagusa mbao au gunia, moto unawaka bila kiberiti. Mapipa yao sita ya bati yalikuwa ghalani, yameegemea ukuta wa tanuri ya kukaushia, na ukuta ule ukichemka hufika nyuzi mia na hamsini. Alitaka kujua kama pale ni salama. Mimi nilitaka kujua zaidi yake, maana mtunza ghala ni mdogo wangu, kitinda mimba wetu, na meza yake iko hatua tatu tu kutoka hapo.

Nikafanya kama nilivyofundishwa. Nikakausha nusu ya sampuli saa nne nzima, nikaishindilia kwenye vijibomba vitatu vyembamba vya kioo, nikapandisha joto taratibu. Vyote vitatu vikaniambia mia moja tisini na saba. Nikatia sahihi ripoti, kisha nikampigia mdogo wangu simu.

"Kaa kwa raha zako. Dada yako amepima."

"Haya dada, asante. Ila hizi za kwetu zina vituko. Ukichota zinanata kwenye kijiko kama sukari iliyolowa."

Nilitaka kumcheka, kisha nikaelewa kosa langu. Nilikuwa nimepima kemikali kavu ya vitabuni, si ile iliyokaa ghalani ikinywa unyevu kila pipa linapofunguliwa. Na kemikali iliyolowa huyeyuka mapema.

Nikachukua ile nusu iliyobaki. Mkuu wa maabara akanisimamia kichwani.

"Utaratibu unasema tukaushe kwanza."

"Tunakausha tukitaka kujua kemikali ni ipi, mkuu. Hapa tumeulizwa kama itamuunguza mtu."

Akavuta kiti. Kwenye nyuzi mia moja thelathini na nane fuwele zikaanza kulowa pembeni. Kwenye mia moja arobaini na mbili zote zikazama, zikawa tone jekundu. Nikarudia mara mbili zaidi, jibu likawa lile lile.

Nikampigia afisa usalama. "Zima tanuri sasa hivi. Maswali baadaye."

"Lakini si umeshatia sahihi kwamba ni salama?"

"Nilikosea. Nilipima kitu ambacho huna. Zima."

Akazima. Ripoti ya kwanza nikaipiga mstari mwekundu kwa mkono wangu mwenyewe, nikaandika ya pili kwamba mapipa yahamishwe, sahihi ikiwa kubwa kuliko kawaida.

Kesho yake jioni mdogo wangu akaja kwangu amejishika kiuno, hata viatu hakuweza kuinama kuvivua.

"Dada, mapipa sita, kutoka pale mpaka banda la nyuma, na toroli lina gurudumu bovu! Umenivunja mgongo. Na wenzangu wote wanajua ni wewe."

Nikamvua viatu. Nikamtazama kuanzia utosini mpaka vidole vya miguu, mzima wote.

"Lalamika," nikamwambia. "Lalamika tu, mdogo wangu, nakusikiliza."